Kifaru chenye vumbi la miombo: kupaka rangi na kuchakaza T-34/85 ya kipimo cha 1/16 ukiwa Tabora

Modeli ya kifaru cha T-34/85 ya kipimo cha 1/16, yaani ndogo mara kumi na sita kuliko kifaru halisi, si ya kufichwa kwenye kona ya rafu. Bodi peke yake ina karibu sentimita 38, na ukihesabu mzinga unaotokeza mbele unafika 51. Kwa ukubwa huo mtazamaji hakusamehe. Kwenye kifaru kidogo cha 1/35 nukta moja ya brashi inapita kama mchubuko wa rangi. Kwenye hiki mtu anaiona kuwa ni nukta tu. Kila alama utakayoiweka lazima iwe na chanzo chake: buti la askari, tawi la mti, dizeli iliyomwagika, mvua.

Nimechagua T-34/85 kwa sababu mbili. Kwanza, kampuni ya Heng Long ya China huitengeneza kwa kipimo hiki, ya kuendeshwa kwa rimoti, na huuzwa mtandaoni. Pili, vifaru hivi ambavyo Umoja wa Kisovyeti ulianza kuviunda kwa wingi mwaka 1944 vilikuja kutumika Angola, mikononi mwa FAPLA, jeshi la serikali ya Angola, tangu miaka ya 1970. Baadhi vilitekwa na jeshi la Afrika Kusini kule kusini mwa nchi hiyo wakati wa Operesheni Protea, Agosti 1981. Nyanda za kati na mashariki ya Angola zimefunikwa na pori la miombo, ukanda uleule unaofika hapa kwetu Unyamwezi. Maana yake, mtu wa Tabora anayetaka kukichakaza kifaru cha Angola hana haja ya kuagiza vichupa vya unga wa rangi kutoka Ulaya. Vumbi sahihi linamngoja nje ya mlango.

(Tabora yenyewe haikutekwa kwa vifaru. Vifaru viliingia vitani mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916 huko Flers, Ufaransa, na Wabelgiji wakaingia Tabora tarehe 19 mwezi huohuo, siku nne tu baadaye, wakiwa na askari wa miguu na wapagazi. Anayetaka kujenga mandhari ya vita ya hapa nyumbani atafute kitu kingine.)

Kabla ya kufungua rangi, kaangalie

Tenga asubuhi moja ya kuangalia mashine zinazofanya kazi. Malori yanayotoka Urambo na Sikonge, trekta za mashambani, tipa za kokoto. Angalia mambo matatu. Vumbi limekaa wapi na limefutika wapi? Rangi imebanduka kwenye kingo zipi? Michirizi ya mvua inaanzia wapi na kuishia wapi? Utagundua kwamba gari lililo kazini halina kutu nyingi. Kutu nene hukaa kwenye chuma kilichotelekezwa. Chuma kinachosuguliwa kila siku hung'aa, na chuma kisichosuguliwa hufunikwa na vumbi na mafuta. Watu wengi hukosea hapa: wanakipaka kifaru kutu kila mahali halafu wanasema kiko vitani.

Mabehewa ya stesheni ni darasa zuri pia, ila usipige picha pale bila ruhusa, na maeneo ya jeshi usiyaelekezee simu kabisa. Macho na daftari vinatosha.

Vifaa

Eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi yenye sindano ndani, inarahisisha sana kazi ya kipimo hiki kwa sababu maeneo ni mapana na brashi huacha mistari. Kompresa si lazima uinunue. Fundi friji akikutolea mota ya friji bovu na kuifunga kwenye tangi dogo, au hata kwenye tairi la akiba, unapata hewa tulivu isiyopiga kelele. Weka chujio la maji na mafuta katikati ya mpira, maana mota ya friji hutema mafuta kidogo na tone moja likiangukia kwenye bodi litasukuma rangi pembeni na kuacha doa. Presha ya baa 1 hadi 1.5 inatosha. Ile ya fundi tairi ni kubwa mno kama haina rigeleta.

Kuhusu rangi, nashauri akriliki ya maji kwa rangi kuu na rangi za mafuta za wachoraji kwa uchakavu. Akriliki ikishakauka haiyeyushwi na tapentaini, kwa hiyo unaweza kuchezea rangi ya mafuta juu yake na kuifuta ukikosea. Tina ya magari iache kwa magari. Plastiki ya ABS huyeyuka nayo, na hata kopo la spreyi la dukani hadwea lijaribu kwanza chini ya bodi, mahali pasipoonekana, usubiri hadi kesho yake.

Vitu vingine vyote viko sokoni: msasa wa maji namba 400 na 1000, sponji ya godoro, pamba za masikio, vijiti vya meno, penseli laini ya 6B, chaki ya shule, mkaa, soksi ya nailoni, spreyi ya nywele ya saluni. Barakoa ni lazima, hasa unapopuliza na unaposaga mkaa au udongo.

Kuosha na praima

Tenganisha mnara (sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga) na bodi, toa minyororo, toa magurudumu yanayotoka. Osha kila kipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kuiteleza kwenye kalibu. Sehemu yenye umeme usiiloweke. Ifute kwa kitambaa chenye sabuni kisha chenye maji safi.

Mnara wa T-34 ulikuwa wa chuma cha kusubu, una ngozi yenye vipele, na mstari wa kalibu uliachwa bila kusawazishwa vizuri. Modeli nyingi zina mnara laini mno. Paka praima nzito (rangi ya msingi) kwa brashi, na kabla haijakauka igongegonge kwa mswaki mkuukuu uliokatwa nywele fupi. Ikikauka, pitisha msasa wa 1000 mara moja tu, kwa mkono mwepesi. Bodi usiiguse, kwa sababu ilikuwa ya mabamba yaliyochomelewa na inatakiwa ibaki laini. Tofauti hiyo ya ngozi kati ya mnara na bodi itafanya kazi kubwa vumbi litakapokuja.

Praima iwe ya hudhurungi nyekundu. Baadaye, rangi ikibanduka, ndiyo itakayochungulia. Puliza tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene.

Hapa hali ya hewa ya Tabora inadai heshima yake. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa ni kavu kiasi kwamba akriliki hukauka ikiwa bado angani, ikatua kama unga na kuacha uso wa mchanga. Ukaukaji huo huanzia kwenye ncha ya sindano. Ongeza maji, yazidi kidogo yale ya kawaida, weka tone moja la glisirini kwenye kikombe cha rangi, na fanya kazi alfajiri kabla upepo haujaanza. Mwagia sakafu maji na funika kazi kwa boksi kubwa inapokauka. Waambie wa nyumbani wasifagie uwanja saa hiyo. Masika ni shida nyingine: vanishi ya kopo ikipulizwa siku yenye unyevu mwingi hugeuka ukungu mweupe, basi subiri jua litoke.

Kijani

Vifaru vya Kisovyeti vilipakwa kijani kimoja kilichoitwa 4BO. Ni kijani kilichoiva chenye umanjano wa udongo ndani yake. Changanya kijani cha mzeituni na oka (manjano ya udongo), kisha tone la nyeusi. Ukiipaka kama ilivyo itaonekana nyeusi mno ndani ya nyumba, kwa kuwa kitu kidogo hakipokei mwanga kama kitu kikubwa. Ipunguze ukali kwa oka au krimu. Nyeupe tupu huifanya iwe kama maziwa.

Usipake kijani kimoja kila mahali. Puliza kwanza kijani cheusi zaidi kwenye tumbo la bodi, nyuma ya magurudumu, chini ya shingo ya mnara na kwenye maungio ya mabamba. Halafu kijani chenyewe, ukiacha ile nyeusi ichungulie pembezoni. Mwisho ongeza oka zaidi na upulize katikati ya kila bamba linalotazama juu: sitaha ya injini, paa la mnara, bamba la mbele lenye mlango wa dereva. Ndipo jua la miaka lilipochoma. Tofauti kati ya kijani hizi tatu iwe kubwa kidogo kuliko unavyodhani inafaa, maana kila tabaka la uchakavu litakalofuata litazikaribianisha.

Mapipa ya mafuta ya ubavuni yape kijani kilichopauka tofauti na bodi. Yalifunguliwa, yalibadilishwa, yaligongwa. Hayakuwa na sababu ya kufanana na bodi.

Magurudumu na minyororo

Mipira ya magurudumu si myeusi. Ni kijivu cheusi. Ili upate duara safi, kata tundu kwenye filamu ya zamani ya eksirei kwa bikari yenye wembe, liweke juu ya gurudumu na upulize kijani katikati. Filamu hiyo ni nyembamba, ngumu, inaoshwa na kutumika tena.

Minyororo ipake hudhurungi yenye kijivu, si chungwa. Chuma chake kilikuwa na manganizi, na kikitembea hupata kutu nyembamba ya kahawia tu huku sehemu zinazogusa ardhi na zile zinazoguswa na magurudumu zikisuguliwa hadi zing'ae. Sugua penseli ya 6B kwenye sehemu hizo tu. Grafaiti yake inang'aa kama chuma halisi, na hakuna rangi ya fedha itakayoishinda.

Vanishi inayong'aa, kisha namba

Puliza vanishi inayong'aa kote. Rangi ya mafuta huteleza vizuri juu yake na stika za maji hazibaki na hewa nyeupe chini. Kama una stika, pamba yenye siki nyeupe huilainisha ikae kwenye vipele vya mnara. Lakini namba ya kupaka kwa kiolezo cha filamu ya eksirei na sponji inapendeza zaidi kwenye kipimo hiki, hata ikipinda kidogo. Askari waliipaka kwa mkono. Tumia nyeupe iliyochafuliwa na oka, na fuata picha moja unayoiamini badala ya kubuni.

Rangi ya mafuta

Toa rangi ya mafuta ya kahawia iliyoungua juu ya kadibodi na uiache saa kadhaa. Kadibodi hunyonya mafuta yake, na bila hivyo itabaki inang'aa siku nyingi. Ikoroge na tapentaini hadi iwe kama chai ya rangi, kisha uiguse kwa brashi nyembamba kwenye mstari wa kuchomelea, kuzunguka boliti, kwenye bawaba za milango. Inakimbia yenyewe. Usiimwage kote, maana utaua kijani zako zote tatu. Ikianza kukauka, futa ziada kwa pamba ya masikio yenye tapentaini kidogo sana, ukivuta kutoka juu kwenda chini. Usiache madimbwi kwenye viungo vya magurudumu: ABS inayobeba uzito, ikiloweshwa na tapentaini, inaweza kupasuka kimyakimya.

Baada ya siku moja au mbili fanya michirizi. Weka nukta ndogo za rangi ya mafuta, za oka, kahawia na kijani kilichopauka, kwenye ubavu wa bodi na mnara. Brashi pana iliyolowa tapentaini kidogo tu ivute nukta hizo moja kwa moja chini. Rudia hadi zionekane kama kivuli cha rangi tu. Ukiiona nukta, bado hujamaliza.

Michubuko

Michubuko iko ya aina mbili. Ya kwanza haikufika kwenye chuma: ni kijani chepesi tu. Chovya kipande cha sponji kwenye kijani kilichochanganywa na krimu, kipapase kwenye gazeti hadi kisitoe karibu kitu, halafu uguse kingo za milango, vishikio na pembe za mapipa. Aina ya pili ni hudhurungi ya praima, na iwe ndani ya ile ya kwanza, michache sana, kwa brashi yenye nywele chache.

Spreyi ya nywele ni kwa mapipa na vizuia tope vya pembeni peke yake, na uipange mapema kabla ya kijani. Paka hudhurungi yenye kutu, puliza spreyi, ikikauka puliza kijani cha akriliki ya maji, na ndani ya saa moja hivi kilowanishe kwa maji na kukikwangua kwa brashi fupi. Kijani hubanduka vipandevipande. Ni raha, ndiyo maana watu huipitiliza.

Sasa jambo la miombo. Kifaru kinachopita porini husuguliwa na matawi, na matawi hayo huchora mistari mirefu ya mlalo ubavuni, kutoka mbele kwenda nyuma, kwenye usawa wa mapipa na mnara. Mvua huchora wima, pori huchora mlalo. Mistari hiyo iwe myembamba na ipauke, baadhi ikatike katikati palipo na pipa lililokinga. Modeli nyingi za vifaru vya Ulaya hazina alama hii, na ndiyo itakayoanza kusema kifaru kilikuwa wapi.

Vumbi

Kabla ya vumbi puliza vanishi isiyong'aa, kwa sababu unga haushiki juu ya mng'ao, na ukipuliza vanishi baada ya vumbi nusu yake inapotea machoni.

Kusanya udongo wa aina tatu. Mwekundu wa barabara ya changarawe. Wa kijivu wa mbugani, uliokauka na kupasuka. Na wa kichuguu. Huu wa mwisho ndio mali. Mchwa huokota chembe laini za mfinyanzi wanapojenga, kwa hiyo umeshachaguliwa kabla hujauchukua. Kaanga kila udongo kwenye kikaango kikavu kisicho cha kupikia, uue mayai ya wadudu na kutoa unyevu. Utakuwa mwekundu kidogo zaidi ukiuunguza sana, basi moto mdogo. Usage kwa chupa, uchuje kwa soksi ya nailoni mara mbili.

Kwa nini kuchuja hivyo? Chembe ya milimita 1 kwenye kipimo hiki ni jiwe la milimita 16. Ukiona chembe kwa macho, hiyo si vumbi tena, ni kokoto. Kokoto zina mahali pake, kwenye tope la chini.

Changanya: mwekundu sehemu kubwa, kichuguu kidogo, na unga wa chaki wa kupausha, kwani vumbi likikauka huwa jeupe kuliko udongo ulikotoka. Rangi ya ardhi uliyoiona chini ya miguu ukiipaka kifaruni kama ilivyo itakuwa nzito kama tope.

Vumbi la kwanza lipulize kwa eabrashi, si unga bali akriliki ya rangi hiyohiyo iliyokorogwa nyepesi mno, kutoka chini kwenda juu, ikikolea kwenye magurudumu na kufifia katikati ya bodi. Hilo ndilo vumbi linalopanda na minyororo. Likikauka, chukua unga wenyewe kwa brashi kavu na uudondoshe, usiusugue, juu ya vizuia tope, kwenye pembe za sitaha, kuzunguka shingo ya mnara, na nyuma karibu na wavu wa injini, ambako feni ilitoa hewa ya kupoza na vumbi likarudi kukaa. Gusa pembeni kwa brashi yenye tapentaini, tone moja lienee lenyewe. Ikikauka, unga umeshika. Spiriti ya dukani usiitumie hapa hata kama inakauka haraka: huyeyusha akriliki, na utachimba hadi kwenye praima.

Kisha ondoa. Hatua hii huachwa na wengi, nayo inazidi ile ya kuweka. Dereva wa T-34 aliingia kwa mlango wa mbele, kwa hiyo ukingo wake na bamba lililo chini yake vimefutwa na suruali na mikono. Askari waliobebwa juu walishika vishikio vya ubavuni na kukanyaga sitaha. Kwa pamba yenye unyevu wa tapentaini futa pale tu ambapo mwili wa mtu ungegusa, na uache vumbi likae kwenye pembe ambazo mguu haufiki. Ukitazama kwa mbali unapaswa kujua watu wanapandia wapi bila kuambiwa.

Moshi, dizeli na tope

Injini ya V-2 ilikuwa ya dizeli, na mabomba yake mawili ya moshi yanatokea nyuma. Saga mkaa hadi uwe unga, uupapase kuzunguka midomo ya mabomba na kidogo juu yake, ukifuata hewa inavyopanda. Mabomba yenyewe yawe ya kutu kavu. Hapa kutu inaruhusiwa kwa sababu moto huichoma rangi.

Dizeli iliyomwagika ni rangi ya mafuta ya kahawia ndani ya vanishi inayong'aa, iliyotonwa chini ya vifuniko vya mapipa na kwenye sitaha. Tone la zamani halina mng'ao na limeshika vumbi. La jana linang'aa. Weka ya zamani kadhaa, mpya moja.

Tope: udongo wa mbugani usiochujwa sana, gundi nyeupe ya mbao, maji, nyuzi fupi za nyasi kavu. Kwa tumbo la bodi na kati ya magurudumu. Kiangazi tope huwa limekauka na kuangukaanguka, basi libandue hapa na pale kwa kijiti likiwa limekaribia kukauka. Lisizibe gurudumu la kuendeshea, la sivyo mnyororo utaruka.

Ukitaka kukiendesha nje kwa rimoti, endesha. Unga wa kwenye minyororo na magurudumu utafutika na wa kweli utachukua nafasi yake. Wa sitahani na mnarani utabaki mradi usikishike huko, kishike kwa tumbo. Kikikaa ndani, kiweke kwenye kasha la kioo mbali na dirisha la jua, na mwambie kila anayefanya usafi nyumbani kwamba vumbi lile limewekwa makusudi, kabla hajafika na kitambaa kibichi.